Kitambaa Kinachobeba Ndege: Jinsi Mkia wa Piper Cub Unavyovishwa Upya

Mgeni akiingia karakana ya ndege pale Kajjansi, nje ya Kampala, Uganda, akaikuta Piper Cub imevuliwa mkia, neno lake la kwanza huwa lile lile: "Kumbe ni nguo tu!" Huinama, akaokota kipande cha kitambaa kikuukuu sakafuni, akakivuta kwa vidole viwili, kikachanika kama gazeti la juzi. Hapo uso hubadilika. Anawaza watu waliokuwa wakivuka Ziwa Victoria wakiwa ndani ya kitu kile.

Nimeijibu hofu hiyo mara nyingi, lakini kwa haraka, pasi ya kukazia kitambaa ikiwa mkononi. Leo nataka kuijibu taratibu. Ndege za kitambaa bado zinaruka Afrika Mashariki, zikiwemo Super Cub zinazolinda wanyama katika hifadhi za Kenya, na kila moja lazima siku moja ivuliwe na kuvishwa upya. Kazi hiyo kwa kawaida huanzia mkiani. Vipande vyake ni vidogo, vinaingia mezani, na hatua zote utakazozirudia kwenye mabawa zimo humo. Ila udogo huo unadanganya. Mkiani ndiko kosa dogo linakuwa kubwa, na nitaeleza kwa nini.

Piper Cub aina ya J-3 ilitengenezwa Marekani kuanzia 1938 hadi 1947. Ina injini ya nguvu za farasi 65, na ikijaa watu wawili na mafuta haizidi kilo 553. Super Cub, mdogo wake mwenye misuli, ilifuata 1949. Mkia wa zote mbili umejengwa kwa namna moja. Kuna pezi lililosimama wima, na nyuma yake usukani unaogeuza pua kushoto na kulia. Kuna stabilaiza mbili zilizolala, moja kila upande, na nyuma yake eleveta zinazoinua na kushusha pua. Vyote ni fremu za mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa, na mbavu nyepesi katikati. Mengi ya mabomba hayo yana ukuta usiofika milimita moja. Juu ya fremu hiyo hakuna kingine ila kitambaa.

Kitambaa hicho kinafanya kazi gani? Wengi hudhani ni cha kuzuia mvua na kuipendezesha ndege, kama turubai la lori. Lori likivuliwa turubai linaendelea na safari. Ndege ikivuliwa kitambaa cha mkia haina mkia kabisa, ina fremu tu ambayo upepo unapita katikati yake bila habari. Nguvu yote ya mkia inaanzia kwenye kitambaa: upepo unakisukuma upande mmoja na kukifyonza upande wa pili, kitambaa kinauvuta uzi kilichoshonewa, uzi unauvuta ubavu, ubavu unalivuta bomba, bomba linazivuta waya zinazoshikilia mkia, na waya zinauvuta mwili wa ndege. Pengo likitokea popote katika mlolongo huo, rubani anavuta fimbo na pua haimtii.

Ndiyo maana mtu anayejua kazi hii hakitazami kitambaa kwanza. Anakigonga. Barabara ya Masaka, kule Mpambire wilayani Mpigi, watengeneza ngoma wamejipanga kando ya lami, na kila anayepita huwaona wakiwamba ngozi mbichi kwenye mizinga ya mbao. Ngozi hukazwa ikiwa mbichi, kisha kukauka kwake ndiko kunakomalizia kuivuta, hadi inalia. Mzee aliyenifundisha, ambaye alipita chuo cha anga cha Soroti kilichoanzishwa 1971 wakati wa ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, alikuwa akilinganisha na ngoma kila mara. Siku moja nilimaliza kupiga pasi usukani, nikaupitisha kiganja, nikamwita.

"Mzee, usukani si umeshakaza?"

"Usiuguse, mwanangu. Uugonge, uusikilize."

Niligonga kwa kucha. Katikati ulilia vizuri. Karibu na ukingo wa chini sauti ilikuwa nzito, kama unagonga godoro. Kulikuwa na eneo la upana wa kiganja ambalo pasi haikulifikia sawasawa, na jicho langu lisingeliona kamwe.

Lini kitambaa kimekufa

Hapa pana fundo la kwanza, na wenye ndege hulibishania sana.

Nguvu ya kitambaa hupimwa kwa kukata utepe wenye upana wa inchi moja, yaani sentimita 2.5, na kuuvuta hadi ukatike. Pamba ya daraja la juu iliyotumika kwenye ndege nzito na za kasi ilitakiwa ihimili ratili 80 ikiwa mpya, kama kilo 36. Kwa ndege nyepesi zisizoruhusiwa kuvuka maili 160 kwa saa na ambazo mabawa yake hayabebi mzigo mkubwa, kiwango ni ratili 65, kama kilo 29. Cub, ambayo kikomo chake ni maili 122 kwa saa, imo katika kundi hili la pili. Kitambaa kikizeeka kinaruhusiwa kushuka hadi asilimia 70 ya kiwango hicho: ratili 56 kwa kundi la kwanza, ratili 46 kwa la pili. Chini ya hapo kinatolewa, hata kama rangi inang'aa.

Ubishi unatokea hapa. Mwenye ndege anasema: "Mimi niliweka kitambaa chenye nguvu kuliko cha zamani, basi asilimia 70 ihesabiwe kwa kitambaa changu." Haihesabiwi hivyo. Mwongozo wa matengenezo ya ndege unatazama nguvu ambayo mbunifu wa ndege aliitaka, hautazami nguvu ya kitambaa ulichonunua. Kwa hiyo kitambaa imara hakikupandishii kiwango cha kukataliwa, kinakupa miaka mingi zaidi kabla ya kukifikia. Ni habari njema kwa mwenye ndege, ila wengi wanaisikia kinyume.

Na kitambaa hakifi kwa kuruka. Kinaliwa na jua. Miale ya urujuanimno hukata nyuzi kidogo kidogo, na sisi tunaishi mahali ambapo wasafiri husimama Kayabwe kupigwa picha na mstari wa Ikweta. Ndege iliyoegeshwa nje mwaka mzima huku kwetu, mgongo wake ukiwa juani, huchakaa upande wa juu wakati upande wa chini bado ni mzima. Kwa hiyo kipimo huchukuliwa juu, tena mahali penye rangi nyeusi au nyekundu, kwa sababu rangi hizo hula joto zaidi.

Chuma kilichofichwa

Ukishaamua kuvua, usivue kama unayechuna mbuzi wa sikukuu. Kitambaa cha zamani ndicho ramani yako. Kinakuonyesha mishono ilikuwa umbali gani, utepe ulipita wapi, matundu ya kutoa maji yalikuwa wapi. Mimi hukikata kando ya ukingo, nikakitoa kizima, nikakiandika "stabilaiza kushoto, juu," na kukitundika ukutani hadi kazi iishe. Picha za simu zinasaidia, lakini picha haina vipimo.

Chini ya kitambaa utakuta yaliyojificha kwa miaka ishirini au thelathini. Viota vya nyigu vya udongo, vigumu kama saruji. Wakati mwingine kiota cha panya, na hicho ndicho kibaya zaidi, kwa sababu mkojo wa panya unakula chuma. Halafu kutu. Maji huingia kwa mvua na kwa umande, hushuka hadi sehemu ya chini kabisa ya usukani na ukingo wa nyuma wa eleveta, na kama matundu ya kutolea maji yamezibwa na rangi, hukaa humo.

Kutu ya nje unaiona. Ya ndani ya bomba haionekani, na bomba lisilofika milimita moja halina akiba ya kuliwa. Tunachukua kitindio chenye ncha, tunagonga polepole kila sentimita chache upande wa chini. Chuma kizima kinairudisha ncha. Kilicholiwa kinabonyea, na mara moja moja ncha inazama hadi ndani na kutoa unga wa kahawia. Ninakumbuka ukingo wa usukani mmoja uliokuwa umepakwa rangi maridadi, mwenyewe ameuleta akiomba "kitambaa tu." Ncha ilizama mara nne katika urefu wa kiganja. Kipande hicho kilikatwa, bomba jipya la aina ile ile likachomelewa, na bei ikapanda maradufu. Mwenye ndege alinyamaza muda mrefu akitazama vile vitundu vinne. Kisha akasema, "Endelea, fundi."

Fremu ikishasafishwa hadi chuma cheupe, inapakwa praima, yaani tabaka la msingi la kuzuia kutu, siku ile ile, maana karibu na ziwa chuma kikilala uchi usiku mmoja kinaamka na wekundu. Na praima yenyewe iwe epoksi ya sehemu mbili. Gundi ya kitambaa ina viyeyushi vikali ambavyo huikoroga praima ya kawaida ikawa kama uji, kitambaa kikakosa pa kushikilia.

Kwa nini si kitambaa cha Kikuubo

Swali hili naulizwa na watu wenye akili, na halistahili kuchekwa. Kitambaa cha kisasa cha ndege ni poliesta. Poliesta imejaa Kikuubo, ule mtaa wa maduka ya jumla katikati ya Kampala, kwa bei ya kutupa. Kwa nini tuagize ng'ambo?

Tuanzie nyuma kidogo. Ndege za vita vya kwanza vya dunia zilivaa kitani, kikapakwa dopu, ambayo ni kama vanishi nzito inayoloweka nyuzi na kuzivuta inapokauka. Gipsy Moth ambayo kampuni ya Wilson Airways ya Nairobi ilianza nayo 1929 ilikuwa ya mbao na kitambaa. Baadaye pamba ikachukua nafasi ya kitani. Vyote viwili vilikazwa na dopu yenyewe, na dopu ile ya kwanza, ya nitrati, ilishika moto kwa urahisi wa kutisha. Poliesta ilibadilisha mambo kwa sababu inakazwa na joto. Unaigundisha kwenye fremu ikiwa imelegea kidogo, unapitisha pasi, inajivuta yenyewe.

Inajivuta kwa sababu nyuzi zake zilinyooshwa kiwandani na hazikupashwa joto la kuzituliza. Bado zinakumbuka ufupi wake, na joto linaziruhusu kuurudia. Poliesta ya nguo imeshapitishwa kwenye joto hilo makusudi, ili shati lisikunjamane kwenye pasi yako ya kwanza. Ukiiweka kwenye fremu ya ndege na kuipiga pasi, haitajivuta inavyotakiwa. Pamoja na hayo, kitambaa cha ndege kimepigwa mhuri ukingoni unaoonyesha kimeidhinishwa, na mhuri huo unaingia kwenye kumbukumbu za ndege. Idhini inahusu mfumo mzima: kitambaa, gundi, rangi ya kwanza hadi ya mwisho. Ukichanganya gundi ya mfumo huu na rangi ya mfumo ule, hata kama kila kimoja ni kizuri, umetoka nje ya idhini, na mkaguzi ana haki ya kukwambia uvue yote.

Pasi nayo ina kanuni. Mfumo tunaoutumia unakaza kwa hatua: nyuzi 121 za Selisiasi kwanza, kisha 149, mwisho 177. Ukipita hapo kitambaa huanza kulegea badala ya kukaza, na hakirudi tena. Namba zilizo kwenye kitufe cha pasi ya nyumbani hazina maana yoyote kwa kazi hii. Tunaweka kipimajoto kwenye bamba la pasi, tunasubiri joto lipande na kushuka mara kadhaa, kisha tunachora alama zetu wenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika. Na hatumalizi upande mmoja kabla ya kugusa wa pili. Usukani wa Cub ni mwepesi, na kitambaa kikikaza upande mmoja pekee kina nguvu ya kuupinda ukingo wake wa nyuma. Unapiga nyuzi 121 kulia, unageuza, 121 kushoto, ndipo unapanda.

Rangi ya kwanza hupakwa kwa brashi ili iingie kati ya nyuzi. Ikishakauka, tunashona. Watu hustaajabu: si kimeshagundishwa? Gundi inakishikilia kitambaa pembeni. Katikati, upande unaofyonzwa na upepo, kitambaa kingetaka kuvimba na kuachana na mbavu. Sindano ndefu inapita kutoka uso mmoja hadi wa pili, uzi wenye nta unauzunguka ubavu, na kila mshono unafungwa kwa fundo lake lenyewe, ili mmoja ukikatika jirani yake asilegee. Fundo hilo lilitokana na la wavuvi wa nyavu, na mvuvi wa Ggaba akiliona atalitambua mara moja. Umbali kati ya mishono unafuata ule wa asili, na pale pangaboi linapopuliza mishono hukaribiana zaidi. Mkia wote umo katika upepo huo. Hapa ndipo ile ramani ya ukutani inapokuokoa.

Juu ya mishono hubandikwa utepe uliokatwa kwa mkasi wa meno, na chini kabisa, ukingoni, huwekwa vijicho vya plastiki vya kutolea maji. Tundu lake halikatwi kwa kisu. Ncha ya moto ya chuma cha kulehemu huyeyusha duara safi ambalo nyuzi zake haziwezi kufumuka.

Fedha, kisha uzito

Kinga dhidi ya jua ni rangi ya fedha, yaani unga wa alumini uliochanganywa kwenye rangi. Hupulizwa tabaka kadhaa, kisha tunasubiri giza. Balbu inawashwa upande wa nyuma wa kitambaa, taa nyingine zote zinazimwa, na tunatembea tukitazama. Penye kinga ya kutosha hapaonyeshi kitu. Palipo pembamba panang'aa kama nyota ndogo, tunapazungushia kalamu, tunarudia kesho. Kesho yenyewe si alfajiri. Hewa ya asubuhi kando ya ziwa ina unyevu, viyeyushi vikiruka hupoza uso wa rangi, maji yanatunga juu yake kama umande na kuacha ukungu mweupe. Mifumo inayotumia dopu huteseka zaidi kwa hili. Tunangoja jua lipande.

Kisha inakuja rangi ya mwisho, na kishawishi cha kuongeza kidogo ili ing'ae. Nakuomba usiongeze. Mkia wa Cub uko kama mita 4.5 nyuma ya kitovu cha uzito, yaani pale ambapo ndege ikining'inizwa ingekaa sawa mbele na nyuma. Kilo moja ya ziada pale, kwenye ndege ya kilo 550, inakisogeza kitovu hicho nyuma milimita 8. Ukitaka kuifuta kwa kuweka mzigo mita 1.5 mbele ya kitovu, unahitaji kilo tatu. Umebeba kilo nne kwa ajili ya mng'ao.

Hilo si baya zaidi. Eleveta inaning'inia kwenye bawaba, na uzito wake karibu wote uko nyuma ya bawaba hizo. Ndege nyingi nyepesi za umri huu hazina kizito cha madini ya risasi cha kuusawazisha mbele. Ukingo wa nyuma ukizidi uzito, mwendo ukipanda, eleveta inaweza kuanza kupepea juu na chini kwa kasi ambayo mkono wa rubani hauwezi kuizuia, kila pigo likilisha linalofuata, hadi kitu kivunjike. Niliwahi kuletewa eleveta zilizovishwa kwingine, nzuri kwa macho, rangi juu ya rangi bila ya zamani kutolewa. Tuliziweka kwenye mizani, tukalinganisha na namba tulizokuwa nazo, na tukazivua zote mbili siku hiyo hiyo, kabla hata ya kumpigia mwenyewe simu.

Kwa hiyo kila kipande hupimwa mara tatu: kikiwa fremu tupu, kikiwa na kitambaa na fedha, na kikiwa kimekamilika. Namba zinaandikwa. Ndege ikishaunganishwa inapimwa uzito mzima upya, na fundi mwenye leseni inayotambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda anatia sahihi.

Kuunganisha kwenyewe kuna mtego wa mwisho. Stabilaiza za Cub hazijakaa tuli: skrubu ndefu iliyo ndani ya mkia huinua na kushusha ukingo wake wa mbele, rubani akizungusha mpini ulio ubavuni mwake. Skrubu hiyo inatakiwa kuzungushwa mwanzo hadi mwisho kabla waya hazijakazwa. Waya zinakazwa sawa kulia na kushoto, pini za bawaba zinafungwa, na kila pini inaguswa kwa kidole na mtu ambaye si yule aliyeifunga.

Kisha mtu mmoja anaingia kitini, mwingine anasimama nyuma, na wanasemezana kwa sauti, kwa sababu nyaya za usukani na eleveta zikibadilishana pande zinaonekana sawasawa kabisa hadi ndege iache ardhi.

"Fimbo mbele!"

"Eleveta chini."

"Fimbo nyuma!"

"Eleveta juu."

"Mguu wa kushoto!"

"Usukani kushoto."

Halafu wanabadilishana nafasi, na wanaanza tena tangu mwanzo.